Tembe Nyumbani, Mionzi Hospitalini: Kuyahimili Matibabu ya Saratani ya Utumbo

Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi hulisema kwa sauti ya chini, na wengine hawalisemi kabisa. Ni saratani ya utumbo mpana, hasa ile inayoota katika puru. Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo, yenye urefu wa sentimita 15 hivi, ambako choo hukaa kabla hujaenda haja kubwa.

Hatutazungumzia dalili zake leo. Tunazungumza na wewe ambaye tayari umepimwa, umeelezwa una saratani ya puru, na daktari amekuambia: "Kabla ya upasuaji utapata mionzi, na siku hizo utameza tembe." Tunazungumza pia na mke, mume, mtoto au ndugu atakayekutunza.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Katika matibabu haya methali hiyo ina maana ya karibu sana. Anayeficha kuhara, kidonda cha mdomo au homa kwa kuona haya anaweza kuharibikiwa na dawa ile ile iliyokuja kumponya.

KWA NINI TEMBE NA MIONZI PAMOJA?

Mionzi ni miale yenye nguvu inayoelekezwa kwenye uvimbe ili kuziharibu seli za saratani. Huioni, huisikii, na wakati inapopigwa haiumi. Unalala kitandani chini ya mashine kwa dakika chache, kisha unavaa na kuondoka.

Tembe zinazotumika sana pamoja nayo huitwa kapesitabini. Ukishaimeza, mwili huigeuza kuwa dawa nyingine ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitolewa kwa dripu. Dawa hiyo huzuia seli za saratani kuzaana na pia huzilegeza, ili mionzi izipige vizuri zaidi. Lengo ni uvimbe upungue na daktari wa upasuaji apate nafasi ya kuuondoa wote, na saratani isirudi mahali pale pale.

Katika mpango wa kawaida, mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, kwa jumla ya siku 25 hadi 28. Hizo ni wiki 5 na zaidi kidogo. Wapo wanaopewa mpango mfupi wa siku 5 wenye mionzi mikali zaidi kila siku, na hao hawamezi tembe hizi katika siku hizo. Muulize daktari wako mpango wako ni upi, usifuate wa jirani.

NESI WA NYUMBANI NI WEWE

Mgonjwa anayepata dawa kwa dripu huwa mbele ya muuguzi. Akitapika, anaonekana. Akitetemeka, anaonekana. Lakini tembe unaimeza jikoni kwako asubuhi na jioni, na hakuna muuguzi anayekutazama. Kwa hiyo kazi ya muuguzi imekuwa yako. Watu wengi hudhani dawa ya kumeza ni nyepesi kama ile ya kichwa. Hapana. Hii ni kemotherapi kamili, ila imekuja kwa umbo la tembe.

Imeze namna hii:

Kwanza, meza mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni, saa 12 hivi zikipita kati yake. Meza ndani ya dakika 30 baada ya kula, kwa maji. Usiivunje wala kuisaga.

Pili, tembe huja za miligramu 150 na za miligramu 500. Idadi yako imehesabiwa kutokana na urefu na uzito wako. Mwambie mfamasia akuandikie kwenye karatasi: asubuhi ngapi za aina hii, jioni ngapi za aina ile. Madaktari wengine huagiza imezwe siku za mionzi pekee, wengine siku zote 7 za wiki. Hakikisha unajua agizo lako.

Tatu, ukisahau kumeza, iache hiyo na umeze ya wakati unaofuata kama kawaida. Usimeze mara mbili ili kufidia. Ukitapika baada ya kumeza, usirudie.

Nne, mweleze daktari dawa zote unazotumia kabla hujaanza. Wafarini ya kuzuia damu kuganda na fenitoini ya kifafa zinaweza kupanda mwilini hadi kiwango cha hatari zikikutana na kapesitabini. Tembe za asidi ya foliki, ambazo watu huziona ni vitamini tu, zinaweza kuyazidisha madhara. Dawa za miti shamba nazo zitaje, hata kama ulipewa na mtu unayemheshimu. Ukiwa na ugonjwa wa figo sema, kwa maana kipimo chako huenda kikapunguzwa. Kama unameza ARV, usiziache. Mwambie daktari ili azipange vizuri pamoja na tembe hizi.

MADHARA HUTOKEA WAPI?

Dawa hii hupiga seli zinazozaana upesi. Saratani ni mojawapo, lakini ngozi, kinywa na utando wa ndani wa utumbo navyo huzaana upesi. Ndiyo sababu madhara hujitokeza hapo. Mionzi nayo hupita kwenye nyonga, hivyo hugusa kibofu, utumbo na ngozi ya makalio. Nywele za kichwa kwa kawaida hazinyonyoki zote, ingawa zinaweza kupungua kidogo.

Tuyatazame moja moja.

1. Kuhara. Hili ndilo la kuangaliwa zaidi. Kabla ya kuanza matibabu, andika kawaida yako: huenda choo mara ngapi kwa siku? Tuseme ni mara 2. Siku utakayoenda mara 4 zaidi ya kawaida yako, yaani mara 6, au ukianza kuamka usiku kwa ajili ya kuhara, usimeze tembe inayofuata. Piga simu hospitali siku hiyo hiyo. Kunywa maji ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini. Pakiti za ORS hupatikana kwenye zahanati na maduka ya dawa. Ukikosa, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Tembe za kuzuia kuhara zitumie kwa maelekezo ya daktari wako, si ya mwenye duka.

2. Vidonda vya mdomo. Sukutua mara kadhaa kwa siku kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Tumia mswaki laini. Acha pilipili, ndimu na chai ya moto sana. Ukishindwa kula kwa sababu ya maumivu, acha tembe na upige simu.

3. Mikono na nyayo. Viganja na nyayo zinaweza kuwa nyekundu au kuwa nyeusi zaidi, kufa ganzi, kuwasha, kisha kupasuka. Paka mafuta mazito yasiyo na manukato asubuhi na usiku, ukianza siku ya kwanza bila kungoja dalili. Epuka maji ya moto ya kuoshea vyombo na kufua. Usishike jembe kwa muda mrefu, na usivae viatu vya kubana. Ngozi ikiuma hata kufunga kifungo cha shati ni taabu, au ikitoa malengelenge, acha tembe na upige simu.

4. Ngozi ya makalio na sehemu za siri. Kuanzia wiki ya 3 hivi, ngozi huweza kuwaka kama iliyounguzwa na jua, na kuwa laini kwenye mikunjo. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa na taulo laini bila kusugua. Baada ya haja, maji ni bora kuliko karatasi. Unaweza kukalia beseni safi la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10. Vaa chupi ya pamba isiyobana. Usipake poda, manukato, dawa ya meno wala majani yoyote. Kama umechorwa alama na wahudumu wa mionzi, usizifute, kwani ndizo zinazoelekeza miale.

5. Mkojo kuchoma, na kutaka haja kila mara. Kibofu na puru vimekasirishwa na mionzi. Kunywa maji ya kutosha. Ukiambiwa uingie kwenye mashine kibofu kikiwa kimejaa, jitahidi kijae kwa kiasi kile kile kila siku, maana hilo huusogeza utumbo mbali na miale.

6. Uchovu. Huu hauondolewi na usingizi wa usiku mmoja. Tembea kidogo kila siku, lala kidogo mchana, na ruhusu watu wakufanyie kazi. Mwanamume aliyezoea kuamka saa kumi na moja kukamua ng'ombe si mvivu akimwachia mwanawe ndoo kwa wiki chache.

Jambo moja huwashtua wengi. Madhara ya mionzi mara nyingi hufika kileleni wiki 1 au 2 baada ya siku ya mwisho. Ukirudi nyumbani na kuona hali imezidi, usidhani matibabu yameshindwa. Endelea kutunza ngozi na tumbo, na upige simu ukiona imepita mpaka.

KUACHA TEMBE SIYO KUSHINDWA

Chukua mfano wa baba mwenye miaka 56, mkulima, aliyepanga chumba karibu na hospitali wakati wa mionzi. Wiki ya 3 anahara mara 8 kwa siku. Binti yake anampigia simu kutoka nyumbani: "Baba, tumbo linaendeleaje?" Naye anajibu, "Niko sawa, mama." Hawezi kumwambia bintiye habari za choo. Tena ana wazo jingine kichwani: dawa ni ghali, familia imeuza ng'ombe, akiacha tembe hata siku moja atakuwa amepoteza kila kitu. Basi anaendelea kumeza. Siku ya 4 anaanguka kwa kukosa maji mwilini, analazwa, na mionzi inasimama kwa siku nyingi.

Kama angesema siku ya kwanza, huenda daktari angemwambia asimamishe tembe siku chache, tumbo litulie, kisha arudie kwa kipimo kile kile au kilichopunguzwa. Mionzi nayo ingeendelea. Kusimamisha na kupunguza kipimo ni sehemu ya matibabu yenyewe, na madaktari wamejiandaa kwa hilo. Tembe ulizoruka kwa agizo la daktari hazifidiwi baadaye, na hilo lisikutie hofu.

Kuna tofauti hapa, tafadhali ishike. Tembe ndizo unazoweza kuzisimamisha mwenyewe ukivuka mpaka uliotajwa, kisha ukapiga simu mara moja. Mionzi usiiache mwenyewe. Mapengo katika siku za mionzi huipa saratani nafasi ya kujijenga upya. Ukijisikia vibaya, nenda bado hospitalini, uwaambie, nao ndio waamue.

DALILI ZISIZONGOJA KESHO

Acha tembe na uende hospitali mara moja, hata usiku, ukiona:

- Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi. Dawa inaweza kushusha chembe nyeupe za damu zinazopigana na viini. Hapa kwetu homa huitwa malaria au taifodi, na mtu huenda dukani kununua dawa. Mwenye matibabu haya asifanye hivyo. Nunua kipimajoto, pima kabla ya kumeza dawa ya kutuliza homa, na ukifika hospitali neno lako la kwanza liwe: "Niko kwenye kemotherapi."
- Maumivu au kubanwa kifua. Dawa hii huweza kuibana mishipa ya moyo kwa baadhi ya watu.
- Kutapika mara 2 au zaidi kwa siku, au kushindwa kunywa maji.
- Damu nyingi kwenye choo, kizunguzungu, au kutopata mkojo.
- Kuhara kukali na vidonda vya mdomo vinavyokuja pamoja katika siku za kwanza kabisa. Watu wachache huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoivunja dawa hii, nayo hurundikana mwilini. Kipo kipimo cha damu. Muulize daktari kama unaweza kupimwa kabla ya kuanza.

CHAKULA

Tumbo likiwa salama, kula kama kawaida, kidogo kidogo mara nyingi. Likianza kuhara, badilisha: uji laini, wali, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, yai lililochemshwa, kuku asiye na ngozi, samaki asiyekaangwa. Weka kando kwa muda githeri, maharagwe, mboga nyingi za majani, nyama yenye mafuta, pilipili na pombe. Maziwa yakikusumbua, yaache kwanza. Matunda yaoshwe kwa maji safi, na nyama iive kabisa. Usifunge kula ili "kuinyima saratani chakula", kwa maana utakayemnyima ni wewe.

DAFTARI LA SHILINGI CHACHE

Nunua daftari dogo. Kila jioni andika mambo 5: choo mara ngapi, joto la mwili, hali ya kinywa, hali ya mikono na nyayo, na tembe ulizomeza. Kwa mfano: "Jumanne, wiki ya 3. Choo mara 4. Joto 36.8. Mdomo mzima. Nyayo zinawasha. Tembe asubuhi na jioni." Ukurasa wa kwanza andika namba ya simu ya kliniki ya saratani na ya dharura usiku. Usiondoke hospitali siku ya kwanza bila namba hizo.

Daftari hili lina faida nyingine. Anayeona haya kusema anaweza kulifungua na kumpa daktari asome. Nawe unayemtunza mzazi, usiulize tu "Uko sawa?" Muulize, "Baba, leo umeandika ngapi?" Ni rahisi kwake kutaja namba kuliko kusimulia.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, nikipigwa mionzi nitawadhuru watoto?
Hapana. Mionzi hii hutoka kwenye mashine na huisha mashine inapozimwa. Kumbatia wanao, kula nao, lala na mwenzio. Tembe ndizo za kuangaliwa. Ziweke mbali na watoto, na anayekusaidia asizishike kwa mikono mitupu. Mama mjamzito asiziguse kabisa. Anayesafisha matapishi au kinyesi avae glavu, na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Fanya hivyo hadi saa 48 baada ya tembe ya mwisho. Choo cha maji, funga kifuniko kisha mwaga maji. Choo cha shimo, funika shimo na unawe mikono kwa sabuni.

Je, bado nitaweza kuzaa?
Mionzi ya nyonga inaweza kuharibu mayai ya mwanamke na kumletea ukomo wa hedhi mapema, na inaweza kupunguza mbegu za mwanamume. Uliza kabla ya kuanza, si baada. Wakati wa matibabu msishike mimba, na mama asinyonyeshe. Baada ya tembe ya mwisho, mwanamke aendelee kujikinga kwa miezi 6, mwanamume miezi 3.

Uvimbe ukipungua na nikajisikia vizuri, kuna haja ya upasuaji?
Wengi huponzwa hapa. Damu kwenye choo imekoma, wanarudi nyumbani na hawaonekani tena. Upasuaji kwa kawaida hupangwa wiki kadhaa baada ya mionzi, ili uvimbe uendelee kusinyaa. Wapo wachache ambao uvimbe hupotea kabisa, na daktari akaamua kuwafuatilia kwa karibu bila kuwapasua. Uamuzi huo hufanywa kwa vipimo, hautokani na kujisikia vizuri.

Gharama je, na mimi natoka mbali?
Mashine za mionzi ziko katika hospitali chache, kama vile Kenyatta jijini Nairobi, ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na Moi Eldoret. Wiki 5 ni nyingi kwa anayetoka mbali. Kabla ya kuanza, kaa chini na familia mhesabu nauli, chumba na chakula, si dawa pekee. NHIF ilikoma, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya taifa iko chini ya SHA. Hakikisha umesajiliwa, mchango wako umelipwa, na afisa wa bima hospitalini amekueleza kiasi kinacholipwa na kibali kinachotakiwa. Muulize pia afisa wa ustawi wa jamii kuhusu malazi nafuu karibu na hospitali.

KWA KUMALIZIA

Msikilizaji mpendwa, kumbuka mambo haya manne:

- Jua kawaida yako kabla ya kuanza.
- Ukivuka mpaka, acha tembe, piga simu siku hiyo hiyo.
- Mionzi usiikatize mwenyewe.
- Homa si ya kununuliwa dawa dukani.

Daktari na muuguzi wa saratani huuliza habari za choo kila siku. Kwao ni swali kama lile la kupima presha. Hakuna atakayekucheka wala kukushangaa. Kama leo kuna jambo umelificha siku mbili tatu, simu usiingojee kliniki ya wiki ijayo. Ipige leo.